Mguu wa Bi Buti

Hospitalini walimwita Mama Plasta, na jina hilo lilimganda kuliko plasta yenyewe. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita pa kupigia picha za eksirei: kitanda kirefu kilichofunikwa mpira, beseni la maji ya uvuguvugu, kabati la pamba na bandeji, na sakafu ambayo hata uisugue vipi haikosi vumbi jeupe. Aliyevunjika mkono akiruka ukuta wa watu, mzee aliyeteleza bafuni, kijana aliyeshindana na pikipiki, wote waliishia kwake. Aliloweka bandeji, akaikamua kidogo, akauzungushia mguu wa mtu huku akilalamikia bei ya vitunguu, na mgonjwa akija kushtuka ameshavalishwa buti jeupe hadi gotini.

Kulikuwa na jambo moja lililomfanya asifanane na wenzake. Wengine walizoea kuwaambia watoto kwamba haitauma hata kidogo. Mama Plasta hakuuweza uongo ule. Kabla ya kuunyoosha mfupa aliinama, akamtazama mtoto usoni, akamwambia, "Itauma. Halafu itapoa." Watoto walilia, ndiyo, tena kwa kelele za kutosha, lakini walilia wakiwa wamemng'ang'ania yeye. Mtoto ukimdanganya mara moja kwenye kitanda hiki, alipenda kusema, siku nyingine ukimwomba anyooshe mkono atakunyooshea ulimi.

Nyumbani alikuwa na kuku. Si wengi wa kumtajirisha, ila walitosha kuchafua kibaraza na kumpa mayai ya nyumbani na ya kuwagawia majirani. Kila mmoja alikuwa na jina lake. Kulikuwa na Meneja, aliyetembea polepole kifua mbele akikagua wenzake wanakula nini. Kulikuwa na Redio, ambaye akitaga yai moja nyumba tatu zinajua. Na kulikuwa na Bi Buti.

Bi Buti alikuja na jina jingine ambalo hakuna anayelikumbuka tena. Akiwa bado kuku mdogo, mlango wa banda ulimwangukia ukamvunja mguu, juu kidogo ya pale magamba yanapoanzia. Mume wa Mama Plasta, dereva wa gari la mikate na mtu mwenye tumbo lisilo na subira, alisema kuku wa namna hiyo tiba yake ni sufuria. Mkewe alileta kutoka kazini kipande cha bandeji kilichobaki, kidogo cha kutupwa, akamlaza kuku mapajani, akamwambia kwamba itauma halafu itapoa, akamfunga. Kuku alizunguka uani na plasta yake, tok, tok, tok juu ya saruji, utadhani bibi kizee anayekwenda harusini na viatu vya kuazima. Majirani walikuja kumtazama, wakacheka hadi wakashika mbavu.

Mguu ulipona, lakini haukupona vizuri. Bi Buti hakuwa mgonjwa wa kutulia; hata na plasta alipigana na wenzake, na mfupa ukaunga umepinda kidogo kwa nje, ukiwa na kinundu pale ulipovunjika. Mama Plasta alikijua kinundu kile kwa kidole gumba. Jioni akiwafungia kuku alimshika, akakipapasa, akajilaumu kwamba plasta aliitoa mapema.

Ugomvi wa nyumba ile, kama unaweza kuitwa ugomvi, ulikuwa juu ya kuku waliokoma kutaga. Mumewe aliona mambo yako wazi kabisa. Kuku hatagi, anakula, maana yake nini? Aliuliza kama nyumba hii inafuga kuku au inafuga wapangaji wasiolipa kodi. Mama Plasta hakuwa mtu wa kukataa nyama. Kuku wa buchani alimnunua, alimpika, alimla na mifupa akaivunja kutafuta uboho. Mumewe alipomwuliza yule wa buchani ana kosa gani na huyu wa uani ana cheo gani, jibu lake lilikuwa fupi.

"Yule sikuwahi kumsalimia," alisema.

Aliyewapatanisha alikuwa dada wa Mama Plasta. Na hapa lazima nimweleze dada huyu, maana bila yeye hakuna cha kusimulia. Mama yao alipofariki, dada alikuwa bado msichana wa shule, akavuliwa sare kabla hazijachakaa. Alifua nguo za watu, akasomba maji ya watu, akamlea mdogo wake akiwa mwenyewe bado anahitaji kulelewa. Mama Plasta alimwita dada, lakini moyoni alimweka pale ambapo wengine humweka mama. Neno la dada halikupimwa. Utotoni, Mama Plasta alipokuwa na kijogoo chake alichokipasha joto ndani ya kopo kando ya jiko mpaka kikaota manyoya, siku moja kijogoo kikatoweka. Dada alimwambia kimechukuliwa na mwewe, naye akashinda mchana kutwa uani na mawe mkononi, akivizia kila ndege anayepita angani. Tangu siku hiyo aliwachukia mwewe wote.

Sasa dada alikuwa mjane, akiishi pembeni ya mji kwenye kiwanja kipana chenye vichaka nyuma. Ndiye aliyesema, kwa sauti yake ya kumaliza kesi, kwamba kuku wazee wapelekwe kwake. Kule kuna majani, kuna wadudu, kuna nafasi. Wastaafu kwa amani, kwani wanamsumbua nani? Mama Plasta aliona mzigo umemtoka begani. Basi kuku akikoma kutaga alipakiwa kwenye gari la mikate, na kwa dada akakabidhiwa na maelezo kamili: huyu anaogopa mvua, huyu usimlaze na wengine, Meneja anapenda makombo ya mkate yaliyolowekwa. Dada aliitikia kila kitu. Atawatunza kama mayai, alisema.

Jumapili moja ya kila mwezi walikwenda kula kwa dada. Mama Plasta akifika tu anauliza wastaafu wake wako wapi. Dada anaonyesha kule vichakani, wametoka kuchakura, kuku wa kwangu wana uhuru, watarudi jioni. Na kweli kule kulikuwa na kuku, maana dada naye alifuga, na kwa mbali kuku ni kuku. Jioni yenyewe haikuwahi kuwakuta, kwa sababu gari la mikate lilitakiwa kurudi karakana mapema. Wakala wali na mchuzi wa kuku, na Mama Plasta kila mara akausifu mchuzi ule. Alikuwa akisema hakuna kuku wa buchani mwenye ladha ya namna ile, na dada alikuwa akimwongezea.

Unaona tunakoelekea. Yeye hakuona, na usimcheke. Mtu hamchunguzi aliyemlisha kwa mkono.

Zamu ya Bi Buti ilipofika, Mama Plasta alijifanya hamnazo kwa muda mrefu. Alimtetea kwa mumewe kwamba bado anataga, akamwekea hata mayai ya wenzake kwenye kiota ili ushahidi uwepo, na hilo lilikuwa karibu zaidi na uongo kuliko alivyopenda kukubali. Mwishowe alipiga moyo konde. Alimpakata njia nzima, akamkabidhi dada mikononi, akamwonyesha kinundu. Alimwambia kwamba siku za baridi mguu ule unamuuma, amwekee gunia kavu.

"Nitamtunza, mdogo wangu," dada alisema. "Kwani nilikutunzaje wewe?"

Jumapili iliyofuata ya kula kwa dada, mezani kulikuwa na wali, mchuzi, na hadithi za mumewe kuhusu mwenye duka aliyekataa mikate kwa kuwa imenyooka mno. Mama Plasta alicheka, akala. Alipewa paja zima na kipande chake cha chini, kama kawaida, kwa kuwa dada alijua anachopenda. Alikula nyama yote. Akaushika mfupa kati ya vidole auvunje atafute uboho, na kidole gumba kikasimama.

Kidole kilijua kabla yake. Kilipanda, kikashuka, kikarudi palepale. Kinundu. Kupinda kidogo kwa nje. Aliugeuza mfupa kwenye mwanga wa dirisha kama anavyogeuza picha ya eksirei, akitumaini amekosea, na hakuwa mtu wa kukosea mfupa alioufunga mwenyewe.

"Dada," alisema, "huyu ni nani?"

Dada alikuwa akimwaga maji kwenye glasi. Alijibu kwamba huyo ni kuku, mbona anauliza kuku utadhani anauliza mgeni. Na mumewe, mtu ambaye hata msibani hushindwa kunyamaza, alikuwa ameinamia sahani akitafuta kwenye wali kitu ambacho hakikuwemo. Mama Plasta alimtazama yule mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, akajua kwamba naye anajua. Wote walijua. Meza nzima ilijua isipokuwa yeye.

Aliuweka mfupa katikati ya meza, juu ya kitambaa safi cha dada, ile ncha yenye kinundu ikamwelekea mwenye nyumba.

"Ni huyu tu?" aliuliza.

Dada aliketi. Lazima nimpe haki yake, hakupepesa macho. Alisema si huyu tu. Ni wote, tangu wa kwanza. Alisema kuku aliyekoma kutaga akiachwa vichakani huliwa na mnyama wa kwanza kupita, basi kuna faida gani? Alisema mdogo wake analala njaa kwa sababu ya huruma huku nyama inazeeka. Kwamba kuku wa buchani naye alikuwa na macho na miguu, na aliyemfuga labda alimpa jina pia, ila huko buchani huruma haifiki. Hayo yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalichoma. Mumewe akaona upenyo, akasema kwa unyonge kwamba walikuwa wakimwepushia maumivu tu.

"Mngeniambia," Mama Plasta alisema.

"Ungekula?" dada aliuliza.

"Nisingekula."

"Basi."

Lile "basi" alikuwa amelisikia maisha yake yote. Ndilo lililomfungia midomo utotoni kila alipouliza uji umekwenda wapi, viatu vitanunuliwa lini. Na kwa kulisikia tena, kitu kingine kikafunguka, kitu cha zamani alichokuwa hajawahi kukigusa. Alikiona kijogoo chake ndani ya kopo. Aliona mawe mkononi mwake na anga tupu. Na jioni ya siku ileile, ambayo hakuwahi kuiunganisha na mchana wake, akaona bakuli la supu, la kwanza baada ya siku nyingi za uji mtupu, na dada hakula, alisema ameshiba.

"Hakukuwa na mwewe," alisema.

Sasa ndipo macho ya dada yalipopepesa.

"Ulikuwa unaumwa," alisema. "Ulikuwa umekonda, shingo haibebi kichwa. Ningekupa nini?"

Mtu anaweza kushukuru na kusalitiwa kwa pumzi moja, na hakuna hali mbaya kuliko hiyo, kwa kuwa huna hata pa kumwaga hasira yako. Mama Plasta aliuchukua ule mfupa, akaufunga kwenye leso, akatoka. Mumewe alimfuata na gari taratibu, dirisha wazi, akimbembeleza apande. Alitembea mpaka nyumbani, na leo hii ukimwuliza njia aliyopita hawezi kukueleza. Alimzika Bi Buti, yaani kile kilichobaki, kando ya banda.

Baada ya hapo nyumba iliingia baridi. Hakununa, kununa kungekuwa nafuu. Alijibu kila alichoulizwa, akapika, akapakua. Ila mumewe akimwambia kwamba nje kuna mvua, alitoka kwenda kuangalia mwenyewe. Mume akiapa kwamba chai ina sukari, alionja kwanza. Dereva yule alianza kula mikate yake garini, peke yake, akirudi nyumbani na makombo kifuani. Dada alipiga simu mara kadhaa. Simu iliita, ikachoka, ikanyamaza.

Kazini mikono yake haikubadilika. Aliloweka, akakamua, akazungusha. Ila alijigundua akiwatazama mama na baba waliosimama kando ya kitanda wakimwambia mtoto kwamba haitauma, na alitamani kuwauliza ni mangapi mengine wamemwambia.

Halafu Redio akakoma kutaga. Hakukoma kutangaza, hapana. Kila asubuhi alipanda kiotani, akashuka, akapiga kelele kwa mtaa mzima, na ukienda kutazama hakuna kitu. Mumewe hakuthubutu kufungua mdomo. Mama Plasta alimsikiliza Redio kwa siku kadhaa akitangaza mayai ya uongo, na taratibu akakata shauri. Njia zilikuwa mbili tu. Amwache afe kwa uzee au kwa meno ya mnyama, au afanye yeye mwenyewe kile ambacho wenzake walimfanyia kwa siri. Kuwapeleka kwa mtu mwingine asiyaone macho yao, hilo lilikuwa limekwisha. Na kama ni kula, basi ajue anakula nini.

Jumapili asubuhi alinoa kisu kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Mumewe alijitolea kumshikia, akakataliwa. Alimfunga Redio miguu kwa bandeji laini isimkwaruze, akamlaza, akamshika kichwa kwa mkono uleule ulioshika watoto wengi. Kuku alitulia. Alikuwa amemzoea.

"Itauma," Mama Plasta alimwambia.

Akaishia hapo. Kile kipande cha pili hakikuwa kweli, naye hakuwa mtu wa kudanganya.

Alipomaliza alikaa chini kwenye saruji, mikono juu ya magoti, akalia kwa sauti kama walivyokuwa wakilia wagonjwa wake. Halafu akasimama, akachemsha maji, akamnyonyoa, akampika kwa tangawizi na nyanya. Akampigia simu dada.

"Njoo ule," alisema. "Nimechinja."

Dada alikuja na mtandio wake wa kutokea na furaha usoni, akidhani yamekwisha. Mama Plasta alipakua, akamwekea mgeni kidari, akaketi.

"Huyu ni Redio," alisema. "Alikuwa anaogopa ndoo nyekundu. Akitaga mtaa mzima unajua. Asubuhi ya leo alitangaza yai ambalo halikuwepo, halafu nikamchinja. Karibu, dada."

Mumewe alikumbuka ghafla kwamba gari halijaoshwa, akatoka. Dada alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Unanifanyia makusudi," alisema.

"Ndiyo."

Dada alikishusha kijiko. Alikaa hivyo, mwanamke mzima aliyelea mtoto akiwa mtoto, na alipozungumza sauti yake ya kumaliza kesi haikuwepo.

"Unadhani sikuwajua? Uliniambia wote. Meneja nilimlowekea makombo ya mkate asubuhi ileile. Nilimpa, akala, ndipo nikamshika. Huyu wa mguu nilimlaza kwenye gunia kavu mpaka siku yake. Unadhani nilikuwa nacheka?"

"Kwa hiyo ulijua unakula nani."

"Nilijua."

"Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui."

"Nilitaka ule kwa raha."

"Nilikula kwa raha, dada," Mama Plasta alisema. "Hicho ndicho kinachoniuma."

Mama Plasta alivuta sahani yake akaanza kula, na Redio alikuwa mtamu, mtamu kweli, utamu uleule aliokuwa akiusifu kila mwezi. Alikula mpaka mfupa. Baada ya muda dada naye akaanza kula, polepole, akitazama kila kipande kabla ya kukitia mdomoni.

Jioni alimsindikiza mpaka getini. Dada alisimama akiufunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena.

"Wale watu wako wa hospitali," alisema, "si huwa unawaambia itauma, halafu itapoa?"

"Nawaambia waliovunjika mifupa, dada."

Dada alingoja kidogo, huenda kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kiti kisicho chake, akaenda zake akishika ukingo wa barabara.

Mama Plasta alifunga geti, akazunguka nyuma ya nyumba kuwafungia kuku. Ua ulikuwa kimya bila Redio. Waliobaki walipomwona walimkimbilia wote kama kawaida yao, wakasukumana kukaa karibu na miguu yake, mmoja akamrukia mapajani alipochuchumaa. Alimshika. Alitaka kumwambia kitu, kama alivyozoea kuwaambia kila jioni, akatafuta neno ambalo lingekuwa kweli, akalikosa.